Kuandika Aljebra Isomeke: Ushauri kuhusu Mitajo katika Kazi za Nyumbani za Hisabati

Kazi ya nyumbani ya hisabati huandikwa ili isomwe, na anayeisoma kwa kawaida hakuwapo wakati mwanafunzi alipokuwa akifikiri. Mwalimu anayesahihisha rundo la madaftari hana nafasi ya kumwuliza kila mwenye daftari alikusudia nini alipochora mstari mfupi mahali palipohitaji mstari mrefu, au alipoacha mabano. Humbidi ahukumu kwa kile kilichomo katika karatasi. Hata kabla ya mwalimu yupo msomaji mwingine ambaye husahaulika, naye ni mwanafunzi mwenyewe, kwa kuwa mstari wa tatu wa hesabu haupatikani ila kwa kuusoma mstari wa pili, na mstari wa pili ukiandikwa kwa namna inayosomeka kwa njia mbili, mkono hufuata njia iliyo rahisi badala ya ile iliyo sahihi. Ndiyo maana makosa mengi ambayo wazazi na walimu huyahesabu kuwa ni uzito wa kuelewa aljebra kwa hakika ni makosa ya uandishi, na makosa ya aina hiyo yana heri moja, kwamba hurekebishika kwa mazoea.

Istilahi mbili zinafaa kuwekwa wazi mapema. Mtajo wa aljebra ni fungu la namba, herufi na alama za matendo linalotaja thamani fulani bila kusema kwamba thamani hiyo ni sawa na nyingine, kama vile 3x + 5 au 2(a − b), ilhali mlinganyo ni kauli kamili inayosema kwamba mitajo miwili ina thamani moja, kama vile 3x + 5 = 20. Kanuni za kuandika vitu hivi viwili hazina uzito mmoja, na hapa ndipo ushauri mwingi wa darasani unapopungukiwa, kwa sababu huzihimiza zote kwa ukali ule ule. Zipo kanuni ambazo zikivunjwa thamani ya mtajo hubadilika. Zipo ambazo zikivunjwa thamani hubaki ikining'inia kati ya maana mbili. Na zipo ambazo ni adabu tu, zilizokubaliwa ili wasomaji wote wazoee sura moja. Mwanafunzi anayejua kanuni ipi iko katika kundi lipi huelekeza umakini wake mahali unapohitajika, na mwalimu anayejua hivyo hamnyimi mtoto alama kwa jambo lisilogusa ukweli wa hesabu.

Alama zenyewe zilipatikana polepole, kwa mikono ya watu wengi. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika nusu ya kwanza ya karne ya 9, hakutumia alama hata moja; swali ambalo leo huandikwa x² + 10x = 39 alilieleza kwa maneno tangu mwanzo hadi jibu. Alama za kujumlisha na kutoa zilichapwa katika kitabu cha Johannes Widmann huko Leipzig mwaka 1489, na Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati mzaliwa wa Wales, akaleta mistari miwili sambamba ya usawa mwaka 1557, kwa kuwa alichoka kurudia maneno yale yale na hakuona vitu viwili vilivyo sawa zaidi ya mistari hiyo. René Descartes, katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637, alitumia herufi za mwanzo wa alfabeti kwa thamani zinazojulikana na za mwisho, yaani x, y na z, kwa zisizojulikana, akaandika kipeo kama namba ndogo iliyoinuliwa. Hata hivyo mara nyingi yeye mwenyewe aliandika aa pale ambapo leo huandikwa a², na hakuna aliyemwelewa vibaya. Historia hiyo ina faida kwa mwanafunzi kwa sababu inaonyesha kwamba kila alama ilibaki kutokana na kazi iliyoifanya, na kazi hiyo ndiyo inayostahili kulindwa katika daftari.

Alama yenye matatizo mengi zaidi mwanzoni ni ile ya kuzidisha. William Oughtred wa Uingereza aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1631, na mwaka 1698 Gottfried Leibniz alimwandikia mwenzake Johann Bernoulli kwamba haipendi kwa sababu inafanana mno na herufi x, naye akapendelea nukta. Lalamiko la Leibniz lingali na nguvu katika daftari la mwanafunzi wa leo, ambaye akiandika 3 × x kwa haraka huwa amechora misalaba miwili isiyotofautika. Njia inayopendekezwa ni kuiacha alama hiyo mara tu herufi zinapoingia: 3x badala ya 3 × x, ab badala ya a × b, na 4(x + 2) badala ya 4 × (x + 2). Nukta nayo ina hatari yake katika shule za Afrika Mashariki, ambako nukta iliyo kwenye mstari ni alama ya desimali, hivyo kwamba 3.4 iliyokusudiwa kuwa tatu mara nne husomwa kuwa tatu nukta nne. Panapokutana namba mbili tupu, alama ya × au mabano, kama 3(4), hubaki kuwa salama zaidi.

Kuandika bila alama ya kuzidisha, hata hivyo, kunadai tahadhari wakati wa kuweka namba mahali pa herufi. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba x ni 4 na kutakiwa atafute thamani ya 3x huweza kuandika 34, na kosa hilo hutokana moja kwa moja na maandishi, kwa kuwa namba mbili zilizokaa pamoja husomwa kwa thamani ya nafasi, si kwa kuzidishwa. Mazoea yanayolizuia ni kuiweka kila namba inayoingia mahali pa herufi ndani ya mabano yake, hata pale ambapo mabano yanaonekana kuwa ya ziada. Namba mchanganyiko, yaani namba nzima iliyoambatana na sehemu, huleta mgongano wa namna hiyo hiyo: 2½ maana yake ni mbili kujumlisha nusu, lakini 2a maana yake ni mbili kuzidisha a, na mtajo unaoanza na 2½x humlazimisha msomaji abadili kanuni katikati ya safari. Ndani ya aljebra ni bora 2½ igeuzwe kuwa 5/2, na mtajo uandikwe 5x juu ya 2. Namba mchanganyiko ihifadhiwe kwa jibu la mwisho la swali la maneno, ambapo saa 2½ hueleweka na kila mtu.

Mwandiko wenyewe usidharauliwe. Herufi x ichorwe kwa mikunjo miwili inayopeana mgongo ili isifanane na msalaba. Herufi z iwekewe kistari katikati ili isigeuke 2. Herufi t iwe na mkia ili isisomeke kama alama ya kujumlisha. Herufi b isifanane na 6, wala q na 9, wala s na 5. Kipeo kiwe kidogo na kikae juu ya bega la herufi, kwa kuwa 2x² iliyoteremka kidogo huwa 2x2 katika mstari unaofuata, na baada ya hapo huwa 4x. Mstari wa juu wa alama ya kipeuo nao una kazi ya mabano, kwani hufunika kila kinachohusika: x ikiwa 9, kipeuo cha pili cha x + 16 yote ni 5, lakini mstari ukiishia juu ya x peke yake, √x + 16 huwa 19. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, na anayetafuta eneo la utepe ulio kati ya miduara miwili yenye kitovu kimoja, π(R² − r²), akizichanganya R na r atajikuta na sifuri.

Suala la kugawanya linastahili nafasi kubwa kuliko yote, kwa sababu mstari wa sehemu hufanya kazi tatu kwa pamoja ilhali wanafunzi wengi huiona moja tu. Mstari huo hugawanya. Hukikusanya kilicho juu yake, kiitwacho kiasi, kana kwamba kimo ndani ya mabano. Na hukikusanya kilicho chini yake, kiitwacho asili, vivyo hivyo. Mstari unapaswa kuwa mrefu kiasi cha kufunika kila kinachohusika, na ukae usawa mmoja na alama ya usawa, ili ijulikane ni nini kilicho ndani ya sehemu na ni nini kilicho kando yake. Sehemu iandikwayo kwa mkwaju, yaani mstari wa mshazari, haina uwezo huo: 1/2x, kama x ni 4, huweza kusomwa kuwa nusu ya nne, yaani 2, au moja gawanya kwa nane, na hakuna kitu katika maandishi kinachomwambia msomaji achague ipi. Katika makala kama hii, ambamo maandishi hukaa katika mstari mmoja, mkwaju hauepukiki, na ndiyo maana mabano huongezwa; katika daftari hakuna sababu ya kuutumia.

Kazi ya pili ya mstari wa sehemu ndiyo inayowaangusha wengi, hasa pale alama ya kutoa inapotangulia. Mlinganyo 5 − (x − 2)/3 = 2 huandikwa darasani bila mabano, x − 2 ikiwa juu ya 3, kwa sababu mstari wenyewe unatosha kuwa mabano. Mwanafunzi akizidisha pande zote kwa 3 mstari huondoka, na ukiondoka huenda na mabano yake yasiyoonekana, kisha huandikwa 15 − x − 2 = 6 na jibu huwa 7. Njia iliyo salama ni kuyaandika mabano waziwazi wakati ule ule mstari unapoondoka: 15 − (x − 2) = 6, kisha 15 − x + 2 = 6, kisha 17 − x = 6, na x ni 11. Ukubwa wa tofauti kati ya 7 na 11 unatokana na mabano mawili yaliyoachwa, wala si na kutojua kutoa. Vivyo hivyo, anayefuta 6 ya juu na 6 ya chini katika (x + 6)/6 huwa hajauona mkusanyo uliofanywa na mstari. Ushauri ni kwamba mtu asikate namba kwa kalamu mpaka kiasi chote kiwe kimeandikwa kama zao la vigawo: (6x + 6)/6 iandikwe kwanza 6(x + 1)/6, ndipo zile 6 mbili zikatwe na jibu liwe x + 1. Mstari huo mmoja wa ziada hauna gharama, nao humfundisha mwanafunzi mengi kuliko onyo la mdomo.

Alama ya ÷, iliyoonekana katika kitabu cha aljebra cha Johann Rahn mwaka 1659, inafaa darasa la chini ambapo namba mbili tu hukutana, lakini katika aljebra haifai, na kiwango cha kimataifa cha alama za hisabati, ISO 80000-2, kinashauri isitumike kabisa. Ubishi unaozuka mara kwa mara kuhusu 8 ÷ 2(2 + 2), ambao wengine huupa jibu la 16 na wengine 1, na ambao hata vikokotoo vya aina tofauti huujibu kwa namna tofauti, hauthibitishi kwamba hisabati ina mgogoro. Unathibitisha kwamba mtajo huo umeandikwa vibaya. Mwandishi akikusudia 16 angeandika 8 juu ya 2 kisha mabano kando, na akikusudia 1 angeweka kila kitu kingine chini ya 8, na ubishi usingezaliwa.

Hapa kinafaa kutajwa kifupisho cha MAGAZIJUTO, ambacho watoto wa shule za msingi nchini Tanzania hukikariri ili kukumbuka mpangilio wa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Kifupisho hicho ni msaada mzuri, lakini kina mapengo mawili ambayo mwalimu wa aljebra hana budi kuyaziba. Kwanza, hakivitaji vipeo, ambavyo hushughulikiwa baada ya mabano na kabla ya kuzidisha, hivyo kwamba 2 × 3² ni 18 na si 36. Pili, kinatoa picha kwamba kujumlisha hutangulia kutoa kila mara, ilhali matendo hayo mawili yana daraja moja na hufuatwa kutoka kushoto kwenda kulia. Anayekishika kwa neno lake huona 10 − 3 + 2, akajumlisha 3 na 2 kwanza, akapata 5 badala ya 9. BODMAS, kifupisho kinachotumika katika madarasa yanayofundishwa kwa Kiingereza, Kenya na kwingineko, kina pengo la pili hilo hilo. Mwanafunzi afundishwe kwamba alama ya kutoa ni mali ya namba inayoifuata na husafiri nayo popote iendapo.

Namba hasi, yaani zile zilizo chini ya sifuri, hudai mabano kuliko kitu kingine chochote. Kwa makubaliano ya aljebra −3² ni −9, kwa kuwa kipeo kinaishika 3 peke yake, lakini (−3)² ni 9. Anayetafuta thamani ya x² − 5x wakati x ni −3 anatakiwa aandike (−3)² − 5(−3), ambayo ni 9 + 15, yaani 24. Akiyaacha mabano ya kwanza hupata −9 + 15, yaani 6, na kila hatua iliyobaki itaonekana kuwa sahihi. Kuna sababu ya ziada ya kuyazoea mabano hayo: programu ya lahajedwali kama Excel hujibu −3^2 kwa 9, kinyume na kawaida ya aljebra, hivyo kwamba anayetegemea mashine bila mabano huweza kupata majibu mawili kwa swali moja. Aidha alama mbili za matendo zisikae bega kwa bega. 7 − −2 na 7 × −2 ziandikwe 7 − (−2) na 7(−2), kwani kistari kimoja kikififia katika karatasi thamani yote huhama.

Alama ya usawa hutumiwa vibaya kuliko alama nyingine zote, na ubaya wake haukamatwi mapema kwa sababu mara nyingi jibu la mwisho huwa sahihi. Mwanafunzi aliyeulizwa gharama ya madaftari 3 ya shilingi 800 kila moja pamoja na kalamu ya shilingi 500 huandika 3 × 800 = 2,400 + 500 = 2,900, na jibu ni kweli shilingi 2,900; lakini mstari wake umedai kwamba 2,400 ni sawa na 2,900. Ameitumia alama hiyo kama amri ya kukokotoa, ile inayotolewa na kitufe cha kikokotoo, ilhali Recorde aliileta iwe kauli ya usawa wa pande mbili. Katika hesabu za namba tupu mazoea hayo huvumilika, lakini mtoto anayeingia nayo katika aljebra hawezi kuelewa kwa nini mtu anaruhusiwa kutoa 5 katika pande zote mbili, maana kwake hakuna pande mbili, kuna swali kushoto na jibu kulia. Mzazi anayekagua daftari asiridhike na jibu. Asome mstari mzima kwa sauti na kuuliza kama kila kilichounganishwa kwa alama hiyo kweli kina thamani moja.

Kutokana na maana hiyo hupatikana mipangilio miwili tofauti ya kazi. Anayerahisisha mtajo huanza kila mstari mpya kwa alama ya usawa, kwa sababu kila mstari una thamani ile ile ya uliotangulia, na alama hizo hupangwa wima moja chini ya nyingine. Anayetafuta jibu la mlinganyo huwa na alama moja tu ya usawa katika kila mstari, na kati ya mstari na mstari haiwekwi kabisa. Kinachounganisha mistari ni hoja, nayo huonyeshwa kwa neno "kwa hiyo" au kwa nukta tatu za pembetatu, ∴. Mwanafunzi anayeandika 3x + 5 = 20 = 3x = 15 = x = 5 amedai kwamba 20, 15 na 5 ni kitu kimoja. Kuichanganya mipangilio hiyo huzaa kosa zito zaidi: anayetakiwa arahisishe x/2 + x/3 huzidisha kwa 6 kama alivyozoea katika milinganyo, akaandika 3x + 2x, kisha 5x, ilhali jibu ni 5x/6. Mlinganyo una pande mbili zinazoweza kuzidishwa kwa pamoja bila kuharibu usawa, lakini mtajo hauna upande wa pili wa kulipia, na ukizidishwa huwa mtajo mwingine. Karatasi za mtihani wa hisabati wa kidato cha nne nchini Tanzania na zile za KCSE nchini Kenya huagiza hatua zionyeshwe, na sehemu ya alama hutolewa kwa njia. Hatua zisizosomeka hazina cha kumpa msahihishaji.

Kabla ya mstari wa kwanza wa swali la maneno kuna sentensi moja isiyofaa kuachwa, nayo ni ile inayosema herufi inasimama badala ya nini. Herufi husimama badala ya idadi, wala si badala ya kitu. "Tuseme d ni bei ya daftari moja kwa shilingi" ni sentensi iliyokamilika; "d = madaftari" haijasema chochote, na inafungua mlango wa kuandika 3d + 2k = 5dk kana kwamba madaftari na kalamu vimetiwa katika kapu moja. Inafaa mwanafunzi aambiwe waziwazi kwamba 3d + 2k ni jibu kamili, hata likiwa bado na alama ya kujumlisha ndani yake. Kosa la kuifanya herufi kuwa jina la kitu hujitokeza pia katika kauli kama "wanafunzi ni mara 40 ya walimu", ambayo wengi huiandika 40w = m kwa kufuata mpangilio wa maneno. Ikiwa w ni idadi ya wanafunzi na m ni idadi ya walimu, mlinganyo sahihi ni w = 40m, na anayetia shaka ajaribu kwa walimu 2, ambao wanadai wanafunzi 80. Vizio kama mita na lita visiingizwe katikati ya mitajo, kwa kuwa m ya mita na m ya idadi hazitatofautika. Vingoje sentensi ya jibu.

Yaliyobaki ni ya adabu. Namba hutangulia herufi, kama 3x na si x3. Herufi hufuata alfabeti, kama 5abc. Vipeo hushuka kutoka kikubwa hadi kidogo, kama 3x² − 5x + 7. 1x huandikwa x. Alama ya π hukaa baada ya namba na kabla ya herufi, kama 2πr. Na kipeuo huwekwa mwisho, kama 2x√3, ili mstari wake usiifunike x kwa bahati mbaya. Hakuna thamani inayobadilika mambo haya yasipofuatwa, ila kulinganisha majibu huwa kugumu na vipande vinavyofanana havionekani kwa haraka. Hata desturi ya kuondoa kipeuo katika asili, ambayo hugeuza 1/√2 kuwa √2/2, ina chimbuko katika kazi ya mkono: kugawanya 1 kwa 1.4142 ni taabu, lakini kugawanya 1.4142 kwa 2 ni jambo la mara moja, nalo ni 0.7071. Kwa mwanafunzi anayetumia majedwali ya hisabati faida hiyo ingalipo; kwa mwenye kikokotoo imebaki kuwa sura iliyokubaliwa. Mwalimu aidai desturi hiyo swali linapoitaka, lakini asiandike mkasi mwekundu juu ya 1/√2 kana kwamba ni uongo. Kwa jibu lenyewe, sehemu kamili ni bora kuliko desimali iliyokatwa, kwa kuwa 1/3 na 0.33 si namba moja.

Wanafunzi wengi siku hizi hutumiana kazi kwa simu, na uandishi wa simu, ambao hauna mstari wa sehemu wala kipeo kilichoinuliwa, hudai mabano mengi kuliko kalamu. Kipeo huandikwa kwa alama ya ^, kuzidisha kwa kinyota, na kila kiasi au asili yenye vipande zaidi ya kimoja hufungwa: (x + 1)/(x − 2), kamwe si x + 1/x − 2, ambayo kwa kanuni za matendo ina vipande vitatu visivyohusiana na sehemu iliyokusudiwa. Kipeuo huandikwa sqrt(x + 16), mabano yakishika nafasi ya mstari wa juu. Picha ya ukurasa ulioandikwa vizuri kwa mkono mara nyingi husomeka kuliko maandishi hayo, na anayeweza kuituma na aitume.

Mstari ukishaandikwa, ipo njia ya kuupima kabla ya kuendelea na unaofuata, nayo ni kuweka namba moja mahali pa herufi katika mistari yote miwili na kuona kama thamani zinalingana. Namba hiyo ichaguliwe kwa uangalifu. Sifuri huvifuta vipande vyote vyenye herufi. 1 huficha makosa ya vipeo, kwa kuwa x, x² na x³ zote huwa 1. Na 2 ina udanganyifu wake, kwani 2x, x² na x + 2 zote huwa 4. Namba kama 3 au 5 hufichua zaidi: aliyeandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9 akiweka 5 atapata 64 upande mmoja na 34 upande wa pili, na atarudi kutafuta 6x iliyopotea kabla daftari halijamfikia mwalimu.